Vipima muda vya maunzi katika kiini cha Linux

Kipima muda cha maunzi ni saketi ndogo ndani ya kompyuta inayohesabu mitetemo ya fuwele na kuipa prosesa ishara pale muda uliopangwa unapotimia. Kiini cha mfumo wa uendeshaji, ambacho wengine hukiita kerneli, ni ile sehemu ya programu inayotawala prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote vya kompyuta. Kiini hutumia vipima muda kwa kazi mbili: kujua ni saa ngapi, na kuamshwa wakati unaotakiwa. Kwa muda mrefu kazi hizi zilichukuliwa kuwa kitu kimoja. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kilihitaji takriban miaka 15 kuzitenganisha, na sehemu kubwa ya makala hii inahusu utengano huo na sababu zake.

Makosa katika eneo hili hayaonekani upesi. Kosa la kugawanya kwa sifuri huangusha programu papo hapo, lakini kosa la kuhesabu muda linaweza kujificha kwa siku 49, kwa siku 248 au kwa miaka kadhaa kabla ya kujitokeza.

Kwa nini kiini kinahitaji kipima muda

Prosesa hutekeleza amri moja baada ya nyingine bila kujali ni programu ya nani. Programu ya mtumiaji inapokuwa kazini, kiini hakifanyi lolote: ni maandishi tu yaliyolala kwenye kumbukumbu. Programu ikiingia katika mzunguko usio na mwisho, na isiombe huduma yoyote, hakuna njia ya kawaida ya kuinyang'anya prosesa.

Njia iliyopo ni ukatizaji. Kabla ya kukabidhi prosesa kwa programu, kiini hupanga kipima muda kitoe ishara baada ya kitambo fulani. Ishara ikifika, prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, huhifadhi mahali ilipofikia, na kurukia sehemu maalumu ya kiini. Hapo ndipo kiini hupata nafasi ya kuamua kama programu ileile iendelee au zamu iende kwa nyingine. Programu ya kawaida hairuhusiwi kuzima ishara hiyo, kwa sababu amri za kuzima ukatizaji zimetengwa kwa ajili ya kiini peke yake.

Mifumo iliyokosa utaratibu huu ilijulikana kwa kuganda. Windows 3.1 na Mac OS za zamani zilitegemea kila programu iachie prosesa kwa hiari yake, kwa hiyo programu moja mbovu ilitosha kusimamisha kazi za nyingine zote.

Asili

Wazo la kutumia kipima muda kugawana prosesa lilithibitishwa katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mwezi Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja ya IBM kwa wakati mmoja. Toleo lake lililofuata, kwenye IBM 7090 na baadaye 7094, lilihitaji mashine iongezewe vifaa ambavyo haikuwa navyo, kikiwemo kipima muda cha kukatiza.

Kompyuta nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hazikuwa na fuwele ya kazi hiyo. Zilihesabu mawimbi ya umeme wa ukutani: mara 60 kwa sekunde Marekani, mara 50 katika nchi zenye umeme wa hezi 50 kama Kenya na Tanzania. Unix ya kwanza ilirithi desturi hiyo. Mwongozo wake wa mwaka 1971 unaeleza kwamba wakati huhesabiwa kwa sehemu za sitini za sekunde tangu tarehe 1 Januari 1971. Kihesabio cha biti 32 kinachoongezeka mara 60 kwa sekunde hujaa baada ya siku 828 hivi, yaani miaka miwili na robo. Hesabu ilibadilishwa baadaye ikawa ya sekunde nzima kuanzia 1 Januari 1970, nayo ndiyo inayotumika hadi leo.

IBM PC na namba 1,193,182

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu ya Intel 8253, iliyofuatiwa na 8254 katika modeli ya AT ya mwaka 1984. Chipu hiyo ina vihesabio vitatu vya biti 16. Cha kwanza kilitoa ishara ya ukatizaji kwa prosesa, cha pili kilitumika kuhuisha kumbukumbu, na cha tatu kilipiga mlio wa spika.

Kila kihesabio hupungua mara 1,193,182 kwa sekunde. Namba hii isiyo ya kawaida ina historia yake. Wabunifu wa IBM walitumia fuwele ya bei nafuu ya megahezi 14.31818, ambayo ni mara nne ya masafa ya rangi katika televisheni za Marekani, ili kompyuta iweze kuunganishwa na televisheni ya nyumbani. Waligawa masafa hayo kwa 3 kupata kasi ya prosesa, na kwa 12 kupata kasi ya kipima muda. Televisheni za Afrika Mashariki zilifuata mfumo mwingine, PAL, lakini kompyuta zilizoletwa huku zilikuja na fuwele ileile.

Ili kupata ishara mara 100 kwa sekunde, kiini huiandikia chipu kigawanyo. 1,193,182 ikigawanywa kwa 100 ni 11,931.82, lakini chipu hupokea namba nzima tu. Kiini huandika 11,932. Kila pigo basi huwa refu kidogo kuliko milisekunde 10, na saa inayojumlisha milisekunde 10 kamili kwa kila pigo huchelewa kwa sekunde 1.3 kila siku. Kwa mapigo 1,000 kwa sekunde hali huwa mbaya zaidi: kigawanyo ni 1,193, pigo huwa nanosekunde 999,847 na ushei badala ya milioni moja, na saa isiyolijua hilo hukimbia mbele kwa sekunde 13 kwa siku. Linux ilibidi iandike urefu halisi wa pigo katika hesabu zake badala ya ule wa kinadharia.

Pamoja na chipu hiyo, modeli ya AT ilikuwa na saa ya betri, Motorola MC146818, inayoendelea kutembea kompyuta ikiwa imezimwa. Fuwele yake hutetema mara 32,768 kwa sekunde, sawa na 2 kwa kipeo cha 15, kama ilivyo kwenye saa nyingi za mkononi. Linux huisoma saa hiyo wakati wa kuwashwa ili kujua tarehe, kisha huendesha saa yake yenyewe.

Pigo la kiini

Katika matoleo ya awali ya Linux kila kitu kilitegemea pigo moja la kudumu. Chipu ilipangwa kutoa ishara kwa idadi maalumu kila sekunde, iitwayo HZ: 100 kwenye kompyuta za Intel, 1024 kwenye zile za Alpha. Kila ishara ilipofika, kiini kilifanya mfululizo wa kazi. Kilikiri kuipokea, kikaongeza moja kwenye kihesabio kiitwacho jiffies, kikasogeza saa ya ukutani mbele, kikamwandikia mchakato uliokuwa kazini kwamba umetumia pigo moja la prosesa, kikaangalia kama zamu yake imekwisha, na mwisho kikaandaa orodha ya kazi ambazo muda wake ulikuwa umetimia.

Kazi nzito hazifanywi ndani ya ukatizaji wenyewe. Wakati kiini kinashughulikia ishara moja, ishara nyingine zinaweza kuwa zimezuiliwa, na kuchelewa hapo kunaweza kupoteza data ya kadi ya mtandao au hata kupoteza pigo linalofuata. Kwa hiyo sehemu ya juu ya kazi huwa fupi sana, inayobaki huahirishwa hadi mara baada ya ukatizaji. Hata hivyo kiendeshi kibovu kilichozuia ukatizaji kwa zaidi ya pigo moja kiliweza kuirudisha nyuma saa ya mashine nzima, kwa sababu chipu haikumbuki ni mapigo mangapi yalikosa kupokelewa.

Ubishi juu ya thamani ya HZ ulidumu miaka mingi. Toleo la 2.6 liliipandisha hadi 1,000 kwenye x86 ili programu za sauti na picha ziamshwe kwa usahihi zaidi. Wenye kompyuta za mkononi walilalamika kwamba betri zinaisha haraka, na mwaka 2005 toleo la 2.6.13 likashusha kiwango cha kawaida hadi 250. Huo ulikuwa upatanisho usiomridhisha yeyote kikamilifu. Ugomvi wenyewe ulionyesha kwamba swali lilikuwa limeulizwa vibaya: namba moja haiwezi kuamua kwa pamoja usahihi wa saa, uharaka wa kuamsha na matumizi ya umeme.

Kujua saa na kuamshwa

Kati ya mwaka 2006 na 2007 usimamizi wa muda katika Linux uliandikwa upya. Thomas Gleixner na Ingo Molnar walileta vipima muda vya usahihi wa juu katika toleo la 2.6.16, John Stultz akaleta mfumo mpya wa vyanzo vya saa uliokubaliwa katika 2.6.18, na toleo la 2.6.21 likakamilisha upande wa matukio.

Tangu hapo kiini kinatambua aina mbili za vifaa. Aina ya kwanza ni chanzo cha saa: kihesabio kinachopanda bila kusimama na kinachoweza kusomwa wakati wowote. Hakitoi ishara yoyote. Aina ya pili ni chanzo cha matukio: kifaa kinachoweza kuambiwa "niamshe baada ya muda kadhaa", mara moja tu, kisha kingoje maagizo mapya. Kiini kikitaka kujua wakati husoma kifaa cha kwanza, kikitaka kuamshwa huandikia cha pili. Ishara ikichelewa au ikikosekana, saa haipotei, kwa sababu haijengwi tena kwa kujumlisha ishara.

Kwenye kompyuta za x86 vyanzo vya saa ni kadhaa, na kila kimoja kina kasoro yake. Kipima muda cha ACPI huenda kwa megahezi 3.579545, masafa yaleyale ya rangi ya televisheni, na mara nyingi kina biti 24 tu, hivyo hurudi sifuri kila baada ya sekunde 4.7. HPET, iliyobuniwa na Intel na Microsoft, huenda kwa megahezi 10 au zaidi, ila kuisoma ni ghali kwa kuwa iko nje ya prosesa. Kinachopendelewa ni TSC, kihesabio cha biti 64 kilichowekwa ndani ya prosesa yenyewe tangu Pentium ya mwaka 1993. Kukisoma huchukua makumi machache ya nanosekunde, tena programu ya kawaida inaweza kukisoma bila kuingia ndani ya kiini.

TSC ilianza vibaya. Ilihesabu mizunguko ya prosesa, na prosesa zilipoanza kupunguza kasi ili kuokoa umeme, nayo ikapungua pamoja nazo. Katika mashine yenye prosesa kadhaa, kila moja ilikuwa na TSC yake, na hazikulingana. Programu iliyohamishwa kutoka prosesa moja hadi nyingine iliweza kuona muda ukirudi nyuma. Prosesa za sasa zina TSC ya kasi isiyobadilika, lakini Linux haiamini kwa maneno matupu. Kiini hulinganisha TSC na chanzo kingine mara kwa mara, na tofauti ikizidi kiasi, huitangaza kuwa si imara na kuhamia HPET au ACPI. Kwenye seva yenye kazi nyingi mabadiliko hayo huonekana mara moja, kwani programu zinazouliza saa maelfu ya mara kwa sekunde huanza kujivuta.

Upande wa matukio nao una mitego. Kila prosesa ya x86 ina kipima muda chake cha ndani, lakini katika modeli nyingi za zamani kipima muda hicho husimama prosesa inapoingia usingizi mzito. Atakayemwamsha mwenzake naye amelala. Linux hutatua hilo kwa kukabidhi kazi ya kuamsha kwa kifaa cha nje kisicholala, ambacho huziamsha prosesa zilizolala kwa niaba ya vipima muda vyao.

Mtego mwingine uko ndani ya HPET. Kifaa hiki hutoa ishara pale kihesabio kinapokuwa sawasawa na namba iliyoandikwa. Kiini kikiomba ishara ya karibu mno, kihesabio kinaweza kuipita namba hiyo kabla haijamaliza kuandikwa. Ishara haitatoka mpaka kihesabio kizunguke chote, na kwa HPET ya biti 32 yenye megahezi 14.318 huko ni kusubiri dakika tano. Dawa yake ni kusoma kihesabio tena mara baada ya kuandika: kama muda umeshapita au uko karibu kupita, kiini hukichukulia kama kushindwa na kuandika upya. Prosesa za ARM na RISC-V ziliepuka tatizo hili tangu mwanzo, maana vipima muda vyake hutoa ishara kihesabio kinapofikia au kuzidi namba iliyowekwa.

Hesabu ya nanosekunde

Kihesabio hutoa idadi ya mitetemo, wakati kiini kinataka nanosekunde. Kugawanya ni polepole, na ndani ya kiini namba za desimali hazitumiki kwa kawaida. Chukua kihesabio cha megahezi 24. Mtetemo mmoja ni nanosekunde 41.666 bila kikomo. Kiini kikikata na kuhesabu 41, saa huchelewa kwa asilimia 1.6, sawa na dakika 23 kwa siku.

Linux huzidisha kwanza kwa namba kubwa, kisha husogeza biti kulia. Kwa mfano huu, idadi ya mitetemo inaweza kuzidishwa kwa 699,050,667 na matokeo kusogezwa biti 24, jambo ambalo ni sawa na kugawanya kwa 16,777,216. Kosa linalobaki ni karibu mikrosekunde 41 kwa siku, dogo kuliko kosa la fuwele yenyewe. Programu ya kusahihisha saa kupitia intaneti ikigundua kwamba fuwele inakwenda haraka au polepole, haimrushi mtu mbele au nyuma kwa ghafla. Kiini hupunguza au kuongeza kidogo ile namba ya kuzidishia, na saa huvutwa taratibu hadi ikae sawa.

Hesabu za namna hii zimewahi kugharimu maisha. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita ya Ghuba, mtambo wa kutungua makombora wa Patriot huko Dhahran, Saudia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud lililopiga kambi ya jeshi la Marekani na kuua askari 28. Mtambo huo haukuwa wa Linux wala wa x86, lakini kosa lake ni lilelile. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi. Ilikatwa ikae ndani ya biti 24, na kila pigo likapoteza chini ya sehemu moja kwa milioni kumi ya sekunde. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 mfululizo, na upungufu ukafikia sekunde 0.34. Kwa muda huo Scud huwa imekwenda zaidi ya nusu kilomita, kwa hiyo rada ililitafuta kombora mahali ambapo halikuwepo. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Vihesabio vinavyofurika

Kihesabio chochote chenye biti pungufu kitajaa na kurudi sifuri. Swali ni lini, na kama kuna aliyelifikiria. Kihesabio cha biti 32 kinachohesabu milisekunde hujaa baada ya siku 49.7, Windows 95 na 98 ziliganda zikifika hapo, na kasoro hiyo ilichukua miaka kugunduliwa kwa kuwa ni nadra mashine hizo kukaa muda huo bila kuwashwa upya. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, baada ya kubainika kwamba kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kingefurika ndege ikikaa na umeme siku 248 mfululizo, na jenereta zote zingeweza kuzimika kwa pamoja hata ikiwa angani. Siku 248 ndizo anazopata anayehesabu sehemu za mia za sekunde kwa biti 31.

Katika Linux, jiffies ya biti 32 yenye mapigo 100 kwa sekunde hurudi sifuri baada ya siku 497. Kiini hakilinganishi nyakati mbili kwa kuuliza ipi ni kubwa. Huondoa moja kutoka nyingine, kisha hutazama kama tofauti ni chanya au hasi. Njia hii hubaki sahihi hata kihesabio kikizunguka, mradi nyakati hizo zisiachane kwa zaidi ya nusu ya mzunguko.

Lakini mwandishi wa kiendeshi anaweza kusahau, na hakuna anayejaribu programu kwa siku 497. Kwa hiyo jiffies haianzi sifuri. Huwekwa thamani ambayo itafurika dakika tano baada ya kompyuta kuwashwa, ili aliyekosea aone matokeo akiwa bado mbele ya mashine. Ni hila ndogo sana, na huenda ndiyo yenye manufaa kuliko zote katika eneo hili.

Mkubwa wao bado yuko mbele. Sekunde zilizohesabiwa tangu 1970 kwa biti 32 zitafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa wakati wa dunia. Kwa Afrika Mashariki itakuwa Jumanne asubuhi, saa 12 na dakika 14. Sekunde moja baadaye, mashine ambayo haijarekebishwa itadhani iko Desemba 1901. Kompyuta za biti 64 ziko salama, na mwaka 2020 toleo la 5.6 liliiwezesha Linux ya biti 32 nayo kuvuka tarehe hiyo. Kinachotia wasiwasi ni vifaa vinavyofungwa ukutani na kusahaulika, vyenye viini vya zamani visivyosasishwa.

Orodha za kungoja

Kiini huwa na maelfu ya maombi ya muda kwa wakati mmoja, wakati vipima muda vya maunzi ni vichache. Maombi hugawanywa makundi mawili. Yale ya aina ya "lisipotokea hili katika sekunde 30, chukua hatua", kama kungoja jibu la mtandao, karibu yote hufutwa kabla ya kutimia. Haya huwekwa katika gurudumu la muda, muundo ulioelezwa na George Varghese na Tony Lauck mwaka 1987, ambamo kuingiza na kufuta ni rahisi mno na usahihi hupungua kadiri muda unavyokuwa mrefu. Yale yanayotakiwa kutimia kwa usahihi huwekwa katika mti wa mpangilio, na lililo karibu zaidi ndilo huandikwa kwenye maunzi.

Kunyamazisha mapigo

Pigo la kudumu huiamsha prosesa mamia ya mara kwa sekunde hata kama hakuna kazi. Tangu toleo la 2.6.21 prosesa isiyo na kazi huacha kupigiwa: kiini hutazama tukio lijalo ni lini, hupanga ishara moja ya wakati huo, na kulala. Mwaka 2013 toleo la 3.10 liliruhusu mapigo yapunguzwe hata prosesa ikiwa kazini, endapo ina mchakato mmoja tu. Kiini pia huruhusu maombi ya programu za kawaida yachelewe kwa mikrosekunde 50, ili yaliyokaribiana yahudumiwe kwa kuamka mara moja.

Wanaonufaika zaidi ni wenye simu. Kila simu ya Android huendesha kiini cha Linux, kwa kawaida juu ya prosesa ya ARM yenye kihesabio chake cha kudumu. Simu ikilala usingizi kamili, hata kipima muda cha prosesa hakitegemewi tena. Kengele ya alfajiri huandikwa kwenye saa ya betri, nayo ndiyo huiamsha simu nzima. Kwa sababu hiyo Linux hutunza saa zaidi ya moja: ya ukutani, ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha, isiyorudi nyuma, ambayo husimama simu ikilala, na nyingine isiyorudi nyuma inayojumlisha hata muda wa usingizi. Programu nyingi zenye kasoro za muda zimechagua saa isiyo yake.

Usiku wa tarehe 30 Juni 2012

Saa hizo zikiachana, madhara huwa makubwa. Usiku huo sekunde moja iliongezwa kwenye wakati wa dunia ili kuulinganisha na mzunguko wa Dunia. Kiini cha Linux kiliirudisha saa ya ukutani nyuma kwa sekunde moja, lakini hakikuviarifu vipima muda vya usahihi wa juu, ambavyo vilibaki sekunde moja mbele. Programu yoyote iliyoomba kungoja chini ya sekunde moja kwa saa ya ukutani iliambiwa muda umeshatimia. Iliomba tena, ikajibiwa vilevile, na prosesa zikawaka kwa kazi isiyo na maana. Tovuti kadhaa, ikiwemo Reddit, ziliyumba. Wasimamizi wa seva waligundua upesi kwamba ilitosha kuiandika saa upya kwa amri ya date, kwani hatua hiyo ilikilazimisha kiini kuviarifu vipima muda. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo na mizani wa kimataifa uliazimia utaratibu wa sekunde za nyongeza uachwe ifikapo mwaka 2035.

Kuviona katika kompyuta

Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuona haya kwa macho yake. Faili /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource huonyesha chanzo cha saa kinachotumika, na available_clocksource iliyo kando yake huorodhesha vilivyopo. Ndani ya mashine pepe mara nyingi jina linalotokea ni kvm-clock, saa inayotolewa na mashine mwenyeji. Faili /proc/interrupts huonyesha idadi ya ishara kwa kila prosesa. Kwenye x86 mstari wa LOC ndio wa vipima muda vya ndani, na mstari wa 0, uliokuwa wa chipu ya zamani, kwa kawaida huwa na idadi ndogo sana iliyobaki tangu kuwashwa. Faili /proc/timer_list, inayohitaji haki za msimamizi, hutaja maombi ya usahihi wa juu yanayongoja na lini yatatimia.